Kuvunja kibubu kwa ajili ya sadaka: hatua kwa hatua, tangu kopo la chenji hadi mkononi mwa mhitaji

Ramadhani ikikaribia, na tena mwezi wa kumi na mbili, maswali huwa yaleyale. "Nina kopo la chenji limejaa, nilipeleke wapi?" "Benki watazipokea?" "Nikimwaga zote kwenye kapu la sadaka si inatosha?" "Hizi zilizoota kutu bado ni pesa?" Nina duka dogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kwa sababu watu wananijua kama mtu wa chenji, kila mwenye kibubu mtaani anaishia kwangu. Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Kwanza nieleze kwa nini nasisitiza mambo ambayo wengine wanayaona madogo. Mwaka wa kwanza, mimi na majirani watatu tulikusanya chenji zetu kwenye kiroba kimoja tukakipeleka kwenye makao ya watoto yatima. Hatukutenga, hatukuhesabu. Mlezi alitupokea vizuri sana. Kisha akatandika mkeka barazani, akaita wasichana wawili wakubwa, wakaanza kuhesabu. Mchana wote ukaishia pale. Ndani ya kiroba mlikuwa na faranga za Burundi, sarafu za shilingi kumi ambazo hakuna duka linalozitaka, vifungo vya shati na nati ya baiskeli. Mlezi hakulalamika hata kidogo, akatushukuru na kutuombea dua. Mimi niliondoka nimeona aibu, kwa sababu tulimletea kazi tukaiita msaada.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: anayepewa asipewe kazi. Chenji imfikie ikiwa imetengwa, imehesabiwa na ikiwezekana imeshageuzwa noti, tayari kununulia unga. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtu mzima wa pili. Hili ndilo la kwanza kabisa. Pesa ya sadaka haihesabiwi na mtu mmoja chumbani, hata kama ni yako mwenyewe.
- Shuka au mkeka wa rangi moja, usio na maua mengi, ili sarafu isijifiche.
- Mabeseni madogo au bakuli tano.
- Daftari na kalamu. Simu inaweza kuzima, daftari halizimi.
- Magazeti ya zamani na selotepu, kwa ajili ya kufungia.
- Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na taulo kuukuu.
- Mchana wenye mwanga. Kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa huchukua saa mbili hadi tatu kwa watu wawili, ukihesabu na muda wa kuosha.
- Jina la mpokeaji, ambalo umeshaliamua. Ndiyo hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Amua nani atapokea, kabla hujagusa kibubu

Wengi huanza kwa kuvunja, halafu ndipo wanatafuta wa kumpa. Matokeo yake pesa inakaa kabatini wiki mbili, mtoto anatumwa sukari, mara luku imekwisha, na ukija kuangalia imebaki nusu. Amua kwanza.

Hapa Kigoma nimeona njia nne zinazofanya kazi.

*Makao ya watoto.* Makao halali yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Usione haya kuuliza. Kama huna uhakika, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kwetu ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, walioko Kasulu au Kibondo wana wao. Huyo ndiye anayejua makao yapi yanatambulika na yapi yamefunguliwa tu kwa jina. Usipeleke kitu mahali ambapo mlezi anakasirika ukiuliza leseni.

*Wagonjwa wasio na ndugu.* Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kama hospitali nyingine za mkoa, ina maafisa ustawi wa jamii. Wao ndio wanaowajua wagonjwa waliokuja kutoka vijijini, pengine kwa boti kutoka mwambao wa ziwa, wakaishiwa kila kitu. Usiingie wodini ukagawa pesa kitanda kwa kitanda. Utawaaibisha watu, na utampa anayelalamika sana ukamwacha anayenyamaza. Pitia ofisi ya ustawi, uliza nani anahitaji nini. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko unavyodhani: sabuni, kanga, nauli ya kurudi kijijini.

*Shule ya msingi ya mtaani.* Ongea na mwalimu mkuu, na pesa ipokelewe mbele ya mjumbe wa kamati ya shule. Kwa kibubu cha kawaida daftari na kalamu za watoto watano ni lengo zuri. Darasa jipya siyo lengo la kibubu.

*Msikiti, kanisa au jumuiya.* Hii ni rahisi kwa sababu mnajuana. Ukitaka pesa iende kwa yatima au wajane, sema hivyo wazi na iandikwe hivyo, la sivyo itaingia kwenye mfuko wa jumla na inaweza kununua balbu. Kwa Waislamu, msichanganye sadaka ya kibubu na zaka. Zaka ina hesabu yake na ina makundi manane ya wanaostahili. Muulize sheikh wako kabla ya kujihesabia kwamba kopo la chenji limekutoa kwenye wajibu huo.

Shirika lisilo la kiserikali nalo lina cheti chake cha usajili, chini ya sheria ya mwaka 2002. Omba kukiona. Lakini nitasema ninachoamini: kama kibubu chako hakitafika elfu thelathini, usihangaike na shirika. Mtafute mzee au mjane aliye karibu nawe, ambaye unajua anakula mara moja kwa siku. Pesa hiyo kwa shirika ni tone, kwake ni wiki nzima.

Ukishampata mpokeaji, piga simu au fika umuulize: "Mwezi huu mna shida na nini hasa?" Swali hilo limeniokoa mara nyingi. Kuna makao niliyafikia na wazo la kununua mchele, kumbe stoo ilikuwa na mchele wa kutosha na walichokosa ni dawa ya minyoo na taulo za kike.

Hatua ya 2: Kubalianeni nyumbani

Kibubu cha familia ni cha familia. Mwambie mwenzio, waambie watoto pesa inaenda wapi na lini. Kama watoto wamechangia mia zao, wawepo wakati wa kuvunja. Nimewahi kuona ndoa ikitikisika kwa kopo la shilingi elfu themanini kwa sababu mmoja alidhani ni akiba ya ada.

Hatua ya 3: Vunja, mwaga, tandaza

Kibubu cha mbao kipasue kwa patasi upande wa chini, siyo kwa nyundo juu. Ukikipiga juu vipande vya mbao vinaingia kwenye pesa na sarafu zinaruka hadi chini ya kochi. Kopo la bati likate kwa kifungulia kopo, na angalia kingo, zinakata vidole. Dumu la plastiki ndilo rahisi, kisu cha moto kinatosha.

Tandaza sarafu zikae tabaka moja. Toa takataka kwanza: vifungo, pini, vocha za zamani, mende. Ndiyo, mende. Kibubu kilichokaa jikoni kina mende.

Hatua ya 4: Tenga

Sarafu utakazozikuta kwa wingi ni nne, na kila moja ina mnyama wake. Wafundishe watoto kutenga kwa wanyama, wanafanya haraka kuliko sisi:

- 50: faru na mtoto wake
- 100: swala
- 200: simba
- 500: nyati

Kuwa makini na mia mbili na mia tano. Zote zina sura ya Mzee Karume na zote zinang'aa weupe weupe, hivyo anayetenga kwa kuangalia sura tu ataharibu hesabu nzima. Geuza upande wa mnyama. Jero ya sarafu ilianza kutumika mwaka 2014, kwa hiyo kama kibubu ni cha zamani zaidi ya hapo usishangae kutoikuta chini kabisa.

Bakuli la tano ni la vitu vingine vyote: shilingi tano, kumi na ishirini, ambazo madukani hazipokelewi tena, sarafu za Kenya na Uganda, na faranga za Burundi, ambazo kwetu hapa hazikosekani. Usizichanganye na sadaka ukidhani watajua wenyewe la kufanya. Weka kando, nitazirudia mwishoni.

Angalizo kuhusu noti. Katika vibubu vya zamani huwa kuna noti zimekunjwa. Zitazame vizuri. Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Muda huo umepita. Noti hizo siyo pesa tena, na ukizitia kwenye bahasha ya yatima utakuwa umempa karatasi. Niliumia mwaka jana nilipomsaidia bibi mmoja wa Ujiji kufungua kasha lake. Kulikuwa na mafungu ya jero za karatasi, zimefungwa kwa uzi, alizotunza kwa ajili ya kisima cha msikiti. Kama una mzazi au bibi anayeweka pesa kwenye kasha, nenda kaangalie pamoja naye leo, hata kama huna mpango wa kuvunja chochote.

Hatua ya 5: Osha zinazohitaji kuoshwa

Siyo zote. Zenye vumbi tu zifute. Lakini chenji za Kigoma zina mawese, na mawese yakikauka kwenye sarafu yanashika mchanga na harufu. Loweka dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, sugua kwa mkono au kwa mswaki mkuukuu, suuza, halafu kausha *papo hapo* kwa taulo na utandaze juani.

Kukausha ndiko watu wanakosea. Sarafu ya 50 na ya 100 ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya rangi ya shaba. Ukiiacha na maji usiku kucha, hasa msimu wa mvua, kesho yake ina kutu ya kweli. Kwa sababu hiyohiyo usitumie ndimu, siki wala majivu. Zinang'aa siku moja, kisha ngozi inatoka na kutu inaingia, na muuza duka ataikataa.

Hatua ya 6: Hesabu mara mbili, na watu wawili

Panga vijimnara vya elfu moja moja:

- hamsini: sarafu 20
- mia: sarafu 10
- mia mbili: sarafu 5
- jero: sarafu 2

Mmoja apange, mwingine ahesabu minara na kuandika. Kisha mbadilishane nafasi. Mkitofautiana, msigawanye tofauti katikati. Rudieni bakuli hilo moja tu.

Hii ndiyo hesabu ya kibubu chetu cha nyumbani cha mwisho, ili uone inavyoandikwa:

50 × 214 = 10,700
100 × 326 = 32,600
200 × 187 = 37,400
500 × 61 = 30,500
Jumla = 111,200

Ilikuwa kazi ya mwaka mmoja na siku kadhaa, bila mtu yeyote nyumbani kuhisi kwamba ametoa. Ni kama shilingi mia tatu kwa siku kwa watu watano.

Kama mmekusanya vibubu vya mtaa mzima na sarafu ni maelfu, mizani ya duka inasaidia. Hesabu sarafu mia moja za aina moja, zipime, andika uzito. Kisha pima rundo lote la aina hiyo na ugawe. Lakini mizani ni ya kuhakiki, haichukui nafasi ya kuhesabu. Sarafu chakavu na sarafu mpya hazilingani uzito sawasawa, na kosa dogo kwenye rundo kubwa la jero ni pesa nyingi.

Hatua ya 7: Funga kwa mafungu yanayoeleweka

Viringisha kwenye gazeti, bana kwa selotepu, andika juu kwa kalamu nzito. Mafungu ninayotumia mimi: hamsini 20 (elfu moja), mia 50 (elfu tano), mia mbili 25 (elfu tano), jero 20 (elfu kumi). Usifunge kiasi cha ajabu kama elfu tatu na mia nne, kwa sababu anayepokea atalazimika kufungua. Kwa hesabu yangu ya juu nilipata mafungu ya shilingi 105,000 na zikabaki 6,200 zisizofungika. Hizo zilizobaki ziweke kwenye bahasha moja.

Usiandike juu ya fungu zaidi ya kilichomo. Fungu likikutwa pungufu mara moja tu, hakuna konda wala mama wa genge atakayekubali fungu lako tena bila kulifungua, na hapo kazi yote ya kufunga imepotea.

Hatua ya 8: Badilisha chenji kuwa noti, kwa watu wanaoihitaji chenji

Hapa ndipo watu wengi wanabeba mzigo bure. Wanafikiria benki kwanza. Mimi nafikiria benki mwisho. Chenji ni bidhaa adimu: mimi mwenye duka naweza kupoteza mteja wa elfu kumi kwa sababu sina mia nane ya kumrudishia. Ukija kwangu na mafungu yaliyohesabiwa, nakupa noti na nakushukuru juu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta usafiri wa kwenda kupanga foleni, pita kwa hawa:

*Makonda wa Hiace.* Za Mwanga kwenda Ujiji, za Mwandiga, za Kibirizi. Wanataka mia na mia mbili zaidi ya kitu kingine. Wakute asubuhi kabla gari halijajaa, saa kumi na mbili hadi saa moja. Saa nne umechelewa, wameshapata chenji kwa abiria na hawana muda na wewe.

*Wauza dagaa na migebuka.* Wanaouza kwa mafungu sokoni na mwaloni Kibirizi wanahitaji jero. Wana noti nyingi kutoka kwa wanunuzi wa jumla na hawana za kurudishia wa rejareja.

*Mashine za kusaga.* Hawa wanasahaulika. Anayesagisha debe na anayesagisha sado wote wanataka chenji.

*Genge, duka la dawa, mama ntilie.* Hamsini nyingi huishia hapa, kwa sababu nyanya na vitunguu bado vina bei za hamsini hamsini.

Mwambie wazi: "Kaka, hizi ni za sadaka ya yatima, nimezihesabu, naomba noti." Mwache afungue fungu moja alilolichagua mwenyewe ahakikishe. Hesabu noti zake mbele yake kabla hujakabidhi mafungu, na zipapase: noti halali ina maandishi yanayokwaruza kidole na uzi ndani yake ukiinua kwenye mwanga. Fanya haya mchana, mahali penye watu, kwa kiasi kidogo kidogo. Usitembee na kiroba kizima sokoni ukitangaza kwamba ni pesa.

Kuna jambo nimeulizwa mara kadhaa: je, niwauzie makonda chenji kwa faida? Wapo wanaofanya biashara hiyo stendi, wanatoa chenji pungufu kwa noti kamili. Mimi nakataa kwa sadaka. Konda naye anatafuta mkate, na siwezi kumkata mia tano yeye ili nimpe yatima. Elfu kumi kwa elfu kumi.

*Benki* ni kwa kinachobaki, au kama mafungu ni mengi kuliko mtaa unavyoweza kubeba. Fika na mafungu yako, umwambie mhudumu mapema kwamba una sarafu, na kubali akifungua kuhakiki. Epuka siku za mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Ukienda kuweka moja kwa moja kwenye akaunti ya makao, jina la akaunti liwe la makao yenyewe, siyo la mtu.

Hatua ya 9: Fikisha

Ukiweza, peleka kwa mkono, au nunua walichoomba na upeleke kitu. Kwa makao ya watoto mimi hupenda kununua, kwa sababu dukani kwa jumla napata bei ambayo mlezi hapati. Kwa mgonjwa anayehitaji nauli, pesa taslimu kupitia afisa ustawi.

Ukituma kwa simu, iwe M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, kumbuka makato. Kuweka kwa wakala hakuna makato. Kutuma na kutoa ndiko kuna makato. Kwa hiyo tuma na ya kutolea. Ukituma elfu hamsini kamili, atakachoshika mkononi kitakuwa pungufu, na hesabu mliyoifanya kwa shida itakuwa imekatika njiani. Uliza kama wana lipa namba, na kabla ya kuingiza namba ya siri soma jina linalotokea. Likitofautiana na uliloambiwa, acha, piga simu kwanza. Na ukipokea ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", hata kama umefika dakika ileile uliyokuwa unajiandaa kutuma, ni wezi. Wanautuma kwa maelfu ya watu wakitegemea mmoja awe katikati ya kutuma.

Kuhusu picha. Tafadhali usipige picha watoto wakiwa wameshika mche wa sabuni wa kwako. Watakua. Piga picha ya stakabadhi.

Hatua ya 10: Stakabadhi na daftari

Omba stakabadhi yenye muhuri. Kama ulimpa mtu binafsi, andika tu kwenye daftari lako tarehe, kiasi na shughuli, na shahidi wako aweke sahihi. Kama pesa ilikuwa ya majirani wengi, rudi kwao na daftari wakiwa wamekaa, uwasomee kila mmoja alichotoa na jumla. Mwaka ambao sikufanya hivyo, mchango wa mwaka uliofuata ulipungua nusu. Hakuna aliyenituhumu kwa mdomo. Walinyamaza tu.

Ukikwama

*Sarafu imetobolewa, imepinda au imeliwa na kutu.* Itenge. Jaribu benki, wakiikataa usiilazimishe kwa mama wa genge asiyeona vizuri jioni. Hasara iwe yako.

*Hesabu haikubali hata baada ya mara tatu.* Karibu kila mara ni mia mbili iliyoingia kwenye jero au kinyume chake. Pitia mabakuli hayo mawili kwa kugeuza mnyama. Kama bado, acheni, mle, mrudi baada ya saa moja.

*Nina faranga za Burundi na sarafu za Kenya.* Usizipeleke kubadilisha ukitegemea kitu, wabadilishaji hawataki sarafu. Mpe mtu anayesafiri. Hapa Kigoma hukosi dereva au mfanyabiashara anayevuka kwenda Burundi. Mpe na umwambie azitie kwenye sadaka ya huko. Za Kenya huwa nazihifadhi hadi apatikane mwanafunzi au mgonjwa anayeelekea Nairobi.

*Nina shilingi kumi na ishirini nyingi.* Ziulizie benki ukienda na mafungu mengine, lakini usizihesabu kwenye jumla ya sadaka hadi zipokelewe.

*Mpokeaji amekataa chenji, anataka noti tu.* Hana kosa. Rudi hatua ya 8.

*Mpokeaji amepokea, lakini sasa ananipigia kila wiki.* Mwambie kwa heshima kibubu chako kinavunjwa lini. "Mama, sisi tunavunja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani. Kabla ya hapo sina." Ukitoa ahadi usiyoiweza kwa kuona huruma siku hiyo, utamkwepa njiani mwezi ujao, na hilo linamuumiza zaidi ya jibu la hapana.

*Kibubu hakijai, kila mara mtu anachokonoa.* Kopo lenye tundu kubwa linachokonoleka kwa kisu cha mezani. Nenda kwa fundi seremala akutengenezee cha mbao ngumu, tundu liwe la kupitisha jero tu, na kwa ndani apigilie kipande cha mpira wa tairi chini ya tundu, kiwe kama ulimi: sarafu inashuka lakini hairudi. Mwambie aweke kifuniko chini chenye kufuli, ufunguo akae nao jirani. Hiki huhitaji kukipasua tena. Chetu kina miaka minne, na ufunguo uko nyumba ya tatu kutoka hapa.

*Mtoto analia kwamba kibubu chake kimekwisha.* Siku hiyohiyo, kabla hajalala, mpe jero moja kutoka mfukoni mwako, siyo ya sadaka, awe wa kwanza kuidondosha kwenye kibubu kipya.